Ujumbe Utangulie Gari: Lugha ya Makabidhiano kati ya Gari la Wagonjwa na Wodi ya Wazazi Mjini Unguja

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna taarifa za mama mjamzito zinavyosafiri, na namna zinavyopotea, kati ya wahudumu wa gari la wagonjwa na wakunga wa wodi ya wazazi. Mfano unaotumika ni wa Mpendae, Wilaya ya Mjini, Unguja, mahali ambapo hospitali ziko karibu. Hoja kuu ni kwamba ukaribu huo haupunguzi haja ya mawasiliano bali huiongeza: safari ikiwa fupi, wodi hukosa muda wa kujiandaa, isipokuwa ujumbe umetangulia. Makala yanachambua vipengele vinne vya lugha vinavyozaa utata katika makabidhiano, kisha yanapendekeza muundo wa ujumbe mfupi wa Kiswahili unaoweza kutolewa kwa simu na kurudiwa na anayeupokea.

1.0 Utangulizi

Mpendae ni sehemu ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Nyumba zimesongamana, vichochoro ni vyembamba, na mtu anayeelekezwa njia hutajiwa msikiti, skuli, duka au jina la mtu maarufu kuliko namba ya nyumba. Kwa upande wa huduma za uzazi, mkaazi wa Mpendae ana nafasi ambayo wengi wa shamba hawana. Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo ndiyo ya rufaa kwa Zanzibar, Hospitali ya Wazazi ya Mwembeladu na Hospitali ya Mkoa ya Lumumba zote zimo mjini. Mama wa Makunduchi au wa Nungwi hupita barabara ndefu, na wa Tumbatu huanza kwa kuvuka maji kabla ya kuiona gari. Kwa mama wa Mpendae umbali ni wa kilomita chache tu.

Hata hivyo, mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia ukaribu huo ukikosa faida. Jirani yake wa Mpendae alianza kutokwa na damu usiku, mimba ikiwa imekaribia kutimia. Gari lilipatikana na safari haikuchukua muda mrefu. Gari liliposimama mbele ya hospitali, ambayo haitatajwa hapa, hakuna aliyekuwa akilisubiri. Mlinzi aliuliza, dereva akajibu, "Mjamzito, hali mbaya." Aliyempokea mgonjwa mlangoni aliuliza tena, na shemeji wa mama akaanza kueleza upya. Kadi ya kliniki, yenye kundi la damu na habari kwamba uzazi uliotangulia ulikuwa wa upasuaji, ilikuwa imebaki mezani kule alikotoka. Mama alipona. Mtoto hakupona. Haitakuwa haki kudai kwamba ujumbe mmoja wa simu ungeyaokoa maisha ya mtoto yule, kwa sababu hakuna awezaye kulithibitisha hilo. Linaloweza kusemwa ni kwamba kila lililoulizwa pale mlangoni lilikuwa tayari linajulikana na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa pale.

2.0 Ucheleweshaji wa tatu na safari fupi

Mwaka 1994 Thaddeus na Maine walitoa kielelezo ambacho hadi leo hutumika kueleza vifo vya uzazi. Kwa mujibu wao, mama huchelewa katika hatua tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika penye huduma, na kupata huduma inayofaa baada ya kufika. Mijadala mingi ya magari ya wagonjwa huishia katika hatua ya pili. Huulizwa magari ni mangapi, mafuta yapo, barabara ikoje. Kwa mazingira ya Mpendae, hatua ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi, kwani mama anaweza kufika mapema na bado akachelewa akiwa ndani ya ua wa hospitali.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika makadirio yanayotajwa sana kwenye maandishi ya uzazi, mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa kama saa 2 asipopata tiba. Kuandaa chumba cha upasuaji, kumwita daktari wa zamu na mtoa dawa ya usingizi, kutafuta damu na kuilinganisha na ya mgonjwa, yote haya huchukua muda hata pale kila kitu kipo. Gari linalotoka Makunduchi huipa wodi nafasi ya kujiandaa wakati liko njiani. Gari linalotoka Mpendae haliipi. Dakika zake za barabarani hazitoshi kwa maandalizi hayo, hivyo maandalizi yakisubiri gari lifike, yote huanza wakati mgonjwa tayari yuko juu ya machela.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni ambayo makala haya yanaitetea: mahali ambapo safari ni fupi, ujumbe uondoke kabla ya gari. Simu ipigwe na mtu aliye kando ya mama, ama muuguzi wa kituo anayempa rufaa au mhudumu wa gari aliyefika kumchukua, kabla injini haijawashwa kwa ajili ya kuondoka.

Simu hiyo ina kazi ya pili. Palipo na hospitali zaidi ya moja kwa karibu, swali si la namna ya kufika tu, bali pia la wapi pa kufika. Wodi inaweza kuwa imejaa, au chumba cha upasuaji kikawa na mgonjwa mwingine. Habari hiyo inajulikana wodini, na dereva hana njia ya kuijua isipokuwa aambiwe. Kwa hiyo mawasiliano tunayoyazungumzia ni ya pande mbili: gari huieleza wodi hali ya mama, na wodi huieleza gari hali yake yenyewe.

3.0 Njia zilizokwisha kujaribiwa

Zanzibar si ngeni katika matumizi ya simu kwa ajili ya uzazi salama. Katika miaka ya 2009 na 2010, Lund na wenzake walifanya utafiti katika vituo 24 vya afya ya msingi Zanzibar, ukihusisha wanawake wajawazito 2,550. Waliokuwa upande wa majaribio walipokea ujumbe mfupi wa simu na kupewa vocha ili waweze kumpigia mhudumu wao wa afya. Asilimia 60 ya kundi hilo walijifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi, ikilinganishwa na asilimia 47 ya kundi jingine. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba tofauti hiyo ilidhihirika kwa wanawake wa mjini, na haikudhihirika kwa wa shamba. Simu iliwasaidia zaidi wale ambao huduma ilikuwa karibu nao.

Mfumo mwingine ni m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, yakiwamo maeneo ya Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua upanuzi wake kuwa wa kitaifa, Bara na Zanzibar. Anayehitaji msaada hupiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji simu huuliza maswali yaliyopangwa, hupima uzito wa dharura, kisha hutafuta chombo: gari la wagonjwa likiwapo, au gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa njia ya simu. Nguvu ya mfumo huu iko katika maswali yaliyopangwa. Mpokeaji hategemei ufasaha wa mpiga simu aliyepatwa na hofu, kwa kuwa yeye ndiye anayemwongoza.

Nchi kwa jumla imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria vifo 104. Sababu za mabadiliko hayo ni nyingi. Lakini mfumo wa kuita gari unaishia pale mgonjwa anapokabidhiwa, na dereva wa jamii, aliye mahiri barabarani, si mtu wa kueleza presha wala njia ya uzazi. Hapo ndipo suala la lugha linapoingia.

4.0 Taarifa zinapotea wapi?

4.1 Saa

Wazungumzaji wa Kiswahili huhesabu saa kuanzia mawio na machweo. Fomu za hospitali hufuata saa za kimataifa. Mtu mmoja hutumia hesabu zote mbili kwa siku moja bila kutatizika, na kwa sababu hiyo hatari yake haionekani. Tuchukue mfano wa mama mwenye kifafa cha mimba aliyepewa maginiziamu salfeti saa 3 asubuhi. Muuguzi aliye na haraka anaandika "3:00" katika kipande cha karatasi. Mama anafika wodini saa 4 asubuhi. Anayesoma kwa hesabu ya kimataifa anaelewa kuwa dawa ilitolewa saa 9 usiku, yaani saa 7 zilizopita. Katika utaratibu wa sindano za msuli, dozi ya kuendeleza hutolewa kila baada ya saa 4, hivyo atadhani dozi imechelewa ilhali ile ya kwanza ina saa moja tu mwilini. Dawa hii ikizidi huweza kudhoofisha pumzi. Tiba ya utata huu ni neno moja la ziada: asubuhi, mchana, jioni au usiku lisiachwe kamwe, na katika maandishi itumike hesabu ya saa 24 peke yake.

4.2 Kiasi

"Anatokwa na damu nyingi" ni sentensi sahihi kisarufi isiyompa mkunga kitu cha kufanyia kazi. Nyingi kiasi gani, na kwa muda gani? Wazanzibari, kama watu wengine wa pwani, wana kipimo ambacho kila mwanamke anakijua, nacho ni khanga. Utafiti wa Prata, Mbaruku na wenzao uliochapishwa mwaka 2005 kutoka Kigoma ulikitumia kipimo hicho kwa makusudi: wakunga wa jadi walifundishwa kwamba khanga mbili zilizorowa zinaashiria upotevu wa damu wa kama mililita 500, na kwamba hapo ni wakati wa kutoa misoprostoli. Kipimo cha nyumbani kilifanywa kuwa kipimo cha tiba. Mhudumu wa gari anayesema "khanga mbili zimerowa kabisa tangu saa 2 usiku" amesema jambo ambalo wodi inaweza kulitafsiri kuwa chupa za maji ya mshipa na damu ya kuongezwa.

4.3 Majina ya maradhi

Neno "kifafa" likitajwa peke yake humaanisha maradhi ya siku zote yanayoweza kumpata yeyote. "Kifafa cha mimba" ni hali nyingine, yenye chanzo kingine na dawa nyingine. Katika simu ya haraka, maneno mawili ya mwisho huweza kudondoka. Aidha, jamaa wanaweza kueleza tukio lilelile kwa kusema mama "amepandisha", wakiwa wanakusudia pepo. Mhudumu hana haja ya kubishana nao. Anachotakiwa ni kuuliza alichokiona kila mmoja: je, alikakamaa, alitetemeka, alipoteza fahamu, ilichukua muda gani?

Vivyo hivyo, "ameshajifungua" huacha swali la kondo la nyuma. Limetoka au bado? Na "ana watoto watatu" haielezi ni mimba ya ngapi, wala kama kuna uzazi uliokuwa wa upasuaji. Katika visa vyote hivi msemaji hajasema uongo. Amesema lile ambalo mazungumzo ya kawaida yanalihitaji, ilhali wodi inahitaji zaidi ya hapo.

4.4 Heshima na sitara

Kipengele hiki ndicho kigumu zaidi, kwa sababu kinagusa tabia njema. Mazungumzo ya Kizanzibari hufunguliwa kwa salamu, na salamu ina hatua zake: amani, afya, kazi, nyumbani. Mdogo hamwamrishi mkubwa. Kwa hiyo muuguzi kijana anayempigia daktari wa zamu huelekea kueleza hali kwa kuzunguka na kumalizia, "basi tunaomba mtusaidie." Daktari husikia kwamba kuna mgonjwa anakuja, bila kusikia kwamba chumba cha upasuaji kinatakiwa sasa hivi.

Upande wa pili ni sitara. Ndani ya gari wamo dereva mwanamume, mume, pengine baba mkwe. Mama huona haya kueleza yanayohusu mwili wake, na muuguzi naye huona haya kuyasema simuni kwa sauti. Mambo hayo mawili hayahitaji kuondolewa, bali yanahitaji kupangiwa mahali pake. Salamu iwe moja na itoshe. Taarifa za siri zitolewe kabla ya jamaa kupanda garini, jambo ambalo linaipa nguvu nyingine ile kanuni ya ujumbe kutangulia.

5.0 Muundo unaopendekezwa

Katika nchi nyingi wahudumu wa afya hutumia mpangilio wa sehemu nne uliotokana na mawasiliano ya nyambizi za jeshi la majini la Marekani, na baadaye ukaingizwa hospitalini na taasisi ya Kaiser Permanente. Mpangilio huo unaweza kuwekwa katika Kiswahili cha kila siku kwa vichwa hivi: Hali, Yaliyotangulia, Tathmini, Ombi. Mfano ufuatao umebuniwa kwa ajili ya kuonesha matumizi yake.

"Assalamu alaykum, sista. Hapa ni gari la wagonjwa, tuko Mpendae, hatujaondoka.
Hali: mama wa miaka 28, mimba ya miezi minane na nusu, amepata kifafa cha mimba mara moja, saa 2 na nusu usiku.
Yaliyotangulia: ni mimba ya tatu, uzazi wa kwanza ulikuwa wa upasuaji. Amepewa maginiziamu, dozi ya kuanzia, saa 3 kasorobo usiku.
Tathmini: presha ni 170 kwa 110. Anaitika akiitwa. Uchungu haujaanza. Mapigo ya moyo wa mtoto ni 140.
Ombi: tunahitaji kitanda, daktari wa zamu awepo mlangoni, na chumba cha upasuaji kijulishwe. Mtupokee, au tuelekee kwengine?"

Ujumbe huu husomwa kwa muda usiofika dakika moja. Sehemu ya nne inastahili kuangaliwa. Kwa kuwa Ombi ni kichwa kilichopangwa, anayelitamka hamwamrishi mkubwa wake. Anajaza nafasi iliyowekwa na utaratibu. Hivyo muundo humlinda mdogo dhidi ya tuhuma ya utovu wa adabu na wakati huohuo humpa mkubwa taarifa iliyo wazi.

Hatua inayofuata ni kurudia. Anayepokea husema: "Wa alaykumu salaam. Nimepokea: kifafa cha mimba mara moja, maginiziamu saa 3 kasorobo usiku, aliwahi kupasuliwa, presha 170 kwa 110. Njooni, mlango wa wazazi, nitakuwapo." Kosa likiwapo hurekebishwa papo hapo. Utaratibu huu si mgeni kwa aliyesoma chuoni, yaani madrasa: mwalimu husoma, mwanafunzi humrudishia alichokisikia, na hakuna anayeruhusiwa kuendelea na aya inayofuata kabla ya kusahihishwa. Alichozoea mtoto wa miaka saba mbele ya mwalimu wake kinaweza kuwa desturi ya muuguzi mbele ya simu.

Ili muundo huo ufanye kazi, mambo matatu ya kiutendaji yanahitajika. Kwanza, simu ya wodi iwe ya wodi, isiwe ya mtu. Anayemaliza zamu aiache, na anayeingia aikute ina chaji. Namba inayojulikana na muuguzi mmoja tu huondoka naye anapokwenda likizo. Pili, ujumbe uliopokewa uandikwe katika daftari la wodi kwa vichwa vilevile vinne, ili mgonjwa akifika asianze kuulizwa upya. Tatu, uwepo mrejesho. Wahudumu wa gari mara nyingi hawajui yaliyompata mama waliyemfikisha. Wodi ikiwaeleza siku ya pili yake, hujifunza ni taarifa ipi ilisaidia na ipi ilikosekana.

Mafunzo yake yanaweza kufanywa kwa Kiswahili, na yawakusanye pamoja madereva, wauguzi wa magari na wakunga. Uzoefu wa mradi wa PartoMa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ni funzo zuri. Maaløe na wenzake waliandaa mwongozo mfupi wa kuhudumia uchungu, wakishirikiana na wakunga na madaktari wa hospitalini hapo na kuulinganisha na mazingira yao halisi ya kazi. Watoto waliozaliwa wakiwa wafu hospitalini walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Mwongozo ulikuwa mfupi na watumiaji wake walishiriki kuutengeneza. Ujumbe wa makabidhiano nao ungefaa kutengenezwa hivyo, na wataalamu wa Kiswahili wakae meza moja na wakunga kuamua maneno.

6.0 Mipaka ya pendekezo

Ujumbe mzuri hauongezi kitanda, wala chupa ya damu, wala mkunga wa tatu katika zamu yenye wakunga wawili. Wodi iliyoelemewa inaweza kupokea simu, ikarudia kila neno, na bado ikakosa mikono. Pia upo uwezekano wa muundo kugeuka kuwa mzigo mwingine wa kujaza, ukafanywa kwa ajili ya ukaguzi. Kwa hiyo upimaji wake usihesabu simu zilizopigwa, bali uangalie muda kati ya gari kufika na mama kuanza tiba anayoihitaji. Muda huo usipopungua, muundo utakuwa haujafanya kazi yake, hata kama madaftari yamejaa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kwa wakaazi wa Mpendae na maeneo mengine ya mjini Unguja, hatari imehamia kwa kiasi kikubwa kutoka barabarani kwenda mlangoni. Barabara fupi huinyima wodi muda wa kujiandaa, na muda huo unaweza kurudishwa na ujumbe unaotangulia gari. Imeoneshwa pia kwamba ujumbe huo hupotea katika mambo yanayotambulika na kurekebishika: hesabu ya saa, kipimo cha kiasi, jina la maradhi, na adabu ya mazungumzo. Lugha inayotumika kitandani, garini na mlangoni ni Kiswahili. Ni wajibu wa wanaoisomea lugha hiyo katika ngazi za juu kushirikiana na wanaoitumia usiku wa manane, ili jibu la mlinzi akiuliza "Nani huyo?" lisiwe tena "Mjamzito, hali mbaya", bali awepo mkunga mlangoni aliyekwisha kuambiwa.